Mbwa mwenye nguvu anakuburuza? Mwongozo kamili wa kumfundisha atembee bila kuvuta kamba

Mbwa wakubwa wa huku Dar wengi ni wa geti. Mtu anajenga Goba, Madale, Kigamboni au Mbezi Makabe, anazungusha ukuta, afu anatafuta German Shepherd, Rottweiler au Boerboel wa kulinda usiku, mchana mbwa anafungiwa bandani mpaka giza liingie. Sasa siku mwenye nyumba akiamua kutembea nae asubuhi ndo unaona baba mzima anaburuzwa mpaka kwenye mtaro, ndala moja imebaki nyuma, wauza chapati wanaangalia. Akirudi anasema mbwa huyu mkorofi, hafundishiki. Anafundishika bwana, tatizo ni kwamba ameshafundishwa tayari, ila amefundishwa kuvuta na mwenyewe hajui kama ndo yeye mwalimu.

Kwanini anavuta

Anavuta kwa sababu kuvuta kunamlipa. Anaona nguzo ya umeme ambayo mbwa wengine wamekojolea, anavuta, wewe unafuata, anafika. Kwa upande wake hesabu imekubali, kesho anarudia. Halafu kuna suala la mwili wenyewe, mbwa ukimvuta upande mmoja anaegemea upande wa pili bila hata kufikiri, kwahiyo wale wanaotembea wamekaza kamba muda wote eti wanamzuia, kiukweli wanampa kitu cha kushindana nacho. Na mwendo wetu sisi kwake ni wa taratibu mno, hilo ni la kuvumiliana tu.

Ila kinachoharibu kuliko vyote ni kumruhusu mara mojamoja. Jumatatu unakaza msimamo, Jumanne umechelewa kazini unamwachia tu avute ili akojoe mrudi. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaonyesha kwa panya na njiwa kwamba kitu kinacholipa mara mojamoja ndo kigumu zaidi kukiacha, na sisi huku hatuhitaji panya kulielewa hilo, muangalie mtu wa mikeka ya kubeti mpira, analiwa wiki hadi wiki lakini haachi kwa sababu kuna Jumamosi moja mkeka ulitiki. Mbwa wako nae anavuta anangoja utiki.

Kwahiyo kazi yote inayofuata ina sheria moja: kamba ikikaza safari inasimama, kamba ikilegea safari inaenda. Kila siku, kwa kila mtu anaemshika. Mengine yote humu ni namna ya kuiweza hiyo sheria mbele ya mnyama mwenye kilo 50.

Vifaa

German Shepherd dume ana kilo 30 mpaka 40, Rottweiler dume anafika 50 na zaidi, Boerboel anavuka 60 bila shida. Usiende nae barabarani na kamba ya manila uliyokata kwenye ndoo ya kisima, itakuchana viganja siku ya kwanza tu.

Kinachofaa ni hanesi, ule mkanda wa kuvaa kifuani, na uwe na pete ya chuma MBELE, kwenye kifua, sio mgongoni peke yake. Pete ya mgongoni inamfanya atumie kifua chote kuvuta kama anavuta mkokoteni, wakati ya mbele akivuta inamgeuza akuangalie wewe, nguvu yake inapotea yenyewe. Usitegemee hanesi imfundishe, kazi yake ni kukupa nafuu wakati wewe unafundisha. Ukikosa ya saizi yake dukani nenda kwa fundi wa mabegi, mpe mkanda mpana wa begi na pete nzito, atakushonea, ila mwambie ashone mara mbili mbili na wewe uivute kwa nguvu zako zote kabla ya kumvalisha mbwa. Iwe na nafasi ya vidole viwili kati ya mkanda na mwili, na isipite juu ya bega ikamzuia kutupa miguu.

Kamba iwe na urefu wa mita 1.5 mpaka 2, bapa, ya nailoni nene au ngozi. Zile kamba za kujikunja zenye kikopo cha plastiki achana nazo kabisa kwa mbwa wa hivi, kwanza zinamfundisha kwamba akivuta kamba inaongezeka, pili kikopo kikikudondoka kinamfuata nyuma kikigonga lami, mbwa anakimbia kwa woga mpaka barabara kubwa. Cheni ya kukaba na kola ya meno, ile yenye ncha za chuma zinazomchoma shingo akivuta, pia sizipendi, koo la mbwa lina bomba la hewa na linaumia, na mbwa anaeumia kila akimuona mbwa mwenzie anaanza kuamini mbwa mwenzie ndo anamuumiza. Hapo ulikuwa na mbwa mvutaji, sasa unae mvutaji tena mkali.

Kingine, funga kamba fupi ya ziada kati ya kola na pete ya hanesi. Hanesi ikimtoka bado umemshika.

Hakikisha pia chanjo ya kichaa cha mbwa anayo na kadi yake ipo, na umemkagua kupe kwenye masikio na katikati ya vidole. Mbwa anaeumwa au mwenye maumivu ya nyonga hafundishwi, anapelekwa kwa daktari wa mifugo kwanza.

Chakula cha mafunzo

Hapa ndo wengi wanabana matumizi afu wanashangaa mbwa hasikii. Ugali uleule anaokula kila jioni hauwezi kushindana na kuku wa jirani. Chemsha firigisi au maini, bila chumvi na bila kitunguu kabisa, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kata vipande vidogo kama punje ya harage, utahitaji vingi sana. Mapafu ya ng'ombe buchani ni bei ya chini, yachemshe, yakate, yaanike kidogo, hayachafui mfuko. Dagaa wakavu nao wanafaa, harufu yao mbwa anaisikia hata usipomuonyesha. Mpunguzie chakula cha jioni kidogo asinenepe, na nenda nae mazoezini kabla hajala.

Hatua ya 1: ndani ya uzio

Mafunzo yanaanzia bandani, na hili halina mjadala. Mbwa aliekaa bandani tangu saa kumi na mbili asubuhi akitolewa jioni moja kwa moja barabarani hata angekuwa malaika atavuta. Mfungulie kwanza azunguke uani dakika kumi, akimbie, ajisaidie, anuse, presha ishuke. Ndo umvalishe.

Kumvalisha nako ni somo. Akirukaruka simama umeshika hanesi kimya, usimkemee, usimwambie chochote. Miguu yote minne ikiwa chini unaanza kuvalisha, akiruka tena unasimama. Siku za mwanzo zoezi zima linaweza kuishia hapo, sawa tu.

Afu unamfundisha neno moja la malipo. Mimi natumia "safi". Unasema "safi", unampa kipande. Safi, kipande. Rudia mpaka ukisema "safi" ageuze shingo akutafute mkono. Neno hili ni kama risiti, linamwambia ni kitendo gani hasa kimelipwa, kwahiyo ulitamke pale pale anapofanya vizuri, chakula kinafuata.

Sasa mfunge kamba, na hapa angalia mikono yako. Chukulia mbwa yuko kushoto kwako. Kitanzi cha kamba pitisha kwenye dole gumba la mkono wa kulia na ufumbe kiganja, usikizungushie kwenye kifundo cha mkono, mbwa wa kilo 50 akichomoka anaweza kukuvunja vidole au mkono. Mkono huo wa kulia ukae usawa wa kitovu, umegusa tumbo. Kamba inashuka kutoka hapo ikiwa imelegea, inaning'inia kidogo kabla ya kufika kwa mbwa. Mkono wa kushoto ndo wa kulipa, na chakula unakitoa kwenye mshono wa suruali, pembeni ya goti. Sio mbele yako! Ukimlishia mbele atakaa mbele, ukimlishia kwenye goti atajua kwamba duka liko pale.

Piga hatua moja. Akikufuata kamba imelegea, "safi", kipande gotini. Hatua mbili, safi. Hatua nne. Geuka kushoto, geuka kulia, zunguka simtanki, zunguka mwembe. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku, ni bora kuliko saa nzima ya kugombana.

Kabla hujatoka nje ongeza zoezi moja ambalo watu hawalijui. Simama, vuta kamba polepole sana, nguvu kama ya kufungua droo, na usubiri. Ataegemea upande wa pili kwanza. Usiongeze nguvu wala usipunguze. Siku zote kuna sekunde atachoka aje nusu hatua kuelekea kwako, hapo hapo legeza, "safi", lipa. Rudia pande zote. Unamfundisha kwamba kamba ikimgusa jibu ni kuifuata, na hili ndo litakuokoa siku bodaboda ikitokea kona bila honi.

Hatua ya 2: geti

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kufundisha ningechagua geti. Jinsi anavyotoka getini ndivyo atakavyotembea nusu saa inayofuata, akitoka kwa kishindo basi ubongo wake umeshawaka na firigisi zako hazioni.

Tafuta mtu wa kushika geti, wewe shika mbwa. Mnasogea mpaka mita mbili kutoka getini. Akivuta kwenda mbele mnageuka mnarudi uani. Mnakuja tena. Mkifika kamba ikiwa imelegea, mwenzako anagusa komeo tu, ile kelele ya chuma peke yake inatosha kumrusha mbwa hewani. Akiruka, mwenzako anaachia komeo. Akitulia, "safi", kipande. Mnaenda hivyo mpaka komeo likigongwa anakuangalia wewe badala ya geti, mkiliona hilo mshavuka mlima.

Kisha geti linafunguliwa upana wa kiganja. Akijitupa linafungwa, taratibu, lisimbane pua. Likifunguliwa na yeye katulia, linafunguliwa zaidi. Usimshikilie kwa nguvu ili atulie, hapana, kamba iwe legevu, utulivu uwe wake. Geti likiwa wazi lote na mbwa amesimama anakuangalia, sema "twende" na mtoke pamoja. Mkishatoka simameni tena hapo hapo nje, mlipe vipande vitatu vinne mfululizo, anuse hewa, afu mrudi ndani. Ndio, mrudi. Mara za mwanzo kutoka na kurudi ndo safari yenyewe.

Hatua ya 3: barabarani

Chagua mtaa wenu wa vumbi uliotulia, sio barabara ya lami yenye daladala. Na uondoe kichwani wazo la kufika mahali. Siku za kwanza unaweza kuishia geti la jirani wa pili na muda umeisha.

Mnatembea, kamba legevu, unalipa mara kwa mara, karibu kila hatua mbili tatu. Kamba inakaza: simama. Usivute, usiseme "acha wewe", usimtikise. Miguu panua, magoti yakunje kidogo, mkono wenye kitanzi ubane kwenye nyonga ili uzito wa mwili wako wote ndo umshike badala ya bega lako. Subiri. Atavuta, atalia, atakuangalia kama umechanganyikiwa. Akirudisha kichwa au hatua moja na kamba ikalegea, "safi", aje gotini apokee, mnaendelea.

Kuna wajanja wanaligeuza hili kuwa mchezo, anavuta, anarudi, anakula, anavuta tena, anarudi, anakula. Ukiona hivyo usilipe kwa kurudi, lipa baada ya hatua tano au sita za kutembea vizuri. Kamba ikilegea mnaondoka tu, malipo yanakuja mbele.

Kama ni mzito kiasi kwamba ukisimama anakubeba, usisubiri akaze. Muangalie mabega, mbwa anaetaka kuvuta anashusha kichwa na mabega yanaenda mbele kabla kamba haijakaza. Hapo hapo sema "huku" kwa sauti ya kawaida, geuka, rudi ulikotoka. Akikufikia, lipa, geuka tena. Majirani watadhani umedondosha funguo, wewe endelea.

Na chakula sio malipo pekee. Ile nguzo anayoitaka ndo malipo makubwa kuliko firigisi. Tembeeni kuelekea nguzo, akikaza mnasimama, akilegeza mnasogea, mkifika bila kuvuta mwambie "nenda" anuse mpaka aridhike. Mbwa kunusa ndo anasoma mtaa, ukimnyima hilo safari haina maana kwake na atavuta zaidi. Nawashangaa watu wanaotembea na mbwa kwa mwendo wa gwaride dakika arobaini hawamruhusu kuinamisha pua.

Jua na lami

Huku kwetu, hasa Disemba mpaka Machi, mafunzo ni alfajiri saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, au jioni jua likizama. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na hewa ya Dar yenye unyevu inafanya kuhema kusisaidie sana. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami sekunde saba, ukishindwa yeye atababuka nyayo. Ulimi ukirefuka sana, ukawa mwekundu mno, mate mazito, anayumba, simama kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, na uende kwa daktari.

Boda, kuku, mbwa koko na watu

Silaha hapa ni umbali. Kila kitu kinachomsisimua kina umbali ambao anakiona lakini bado anaweza kula. Kuku wa jirani akiwa mita ishirini anakula, mita tano hasikii kitu. Basi fanyeni kazi mita ishirini. Anamuona kuku, kabla hajaruka, "safi", kipande. Anaona boda, "safi", kipande. Baada ya muda akiona boda anageuka kwako mwenyewe kudai chake. Ndo unapunguza umbali kidogokidogo. Akikataa chakula anachokipenda jua mmesogea mno, rudini nyuma.

Mbwa koko wakija usikimbie na usivute kamba kwa pupa. Kaa katikati yao na mbwa wako, rusha konzi ya dagaa chini upande wao, geuka muondoke. Wakiendelea, inama kama unaokota jiwe, mbwa wa mtaani wanalijua hilo vizuri sana. Ikitokea mtu ameng'atwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, afu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa, usisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Watu nao. Wengi wanaogopa mbwa kweli, na majirani Waislamu mate ya mbwa ni najisi kwao, mtu anatoka alfajiri na udhu wake anaenda msikitini afu limbwa lako linamnusa kanzu, hiyo sio sawa. Ukiona mtu anakuja hama upande, mfupishie mbwa kamba kwa kumwita gotini, wewe ukae katikati, salimia. Watoto wakipiga kelele "mbwaaa!" na kukimbia, simama, mlishe mfululizo mpaka wapite. Na jihadhari na vibanda vya chipsi na nyama choma, mifupa iliyopikwa iko chini kila mahali na inaweza kumkwama.

Kama mbwa wako anaruka kwa nia ya kung'ata na sio kwa hamu ya kwenda, huo ni ugonjwa mwingine, mvalishe kifunga mdomo cha aina ya kikapu ambacho anaweza kuhema na kunywa, na umuone mtaalamu.

Kijana wa kazi nae lazima ajue

Mafunzo mengi ya Dar yanafia hapa. Bosi anafundisha Jumamosi, Jumatatu mpaka Ijumaa mbwa anatolewa na kijana ambae hajaambiwa chochote na anaburuzwa mtaa mzima. Mfundishe kijana kabla ya mbwa, mwache afanye zoezi la geti mbele yako, mpe na yeye mfuko wa firigisi. Siku ambayo hakuna muda, usitumie hanesi ya mafunzo, tumia mkanda mwingine wa pete ya mgongoni, mtoke haraka ajisaidie mrudi. Mbwa anatofautisha vizuri kabisa, kwamba ule wa kifuani una sheria na huu hauna.

Fimbo isihusike. Mbwa anaechapwa akivuta anajifunza kukuogopa wewe, kuvuta anaendelea nako ukigeuka.

Kuongeza ugumu

Mbwa akiwa mdogo utaona mabadiliko ndani ya wiki chache, mkubwa aliezoea kuvuta miaka mitatu mpe miezi. Kati ya miezi sita na mwaka na nusu anabalehe, anaweza kusahau yote ghafla, rudi getini mwanze upya bila hasira. Kamba ikiwa legevu mtaa mzima, anza kulipa kila hatua kumi, afu ishirini, afu kwa kushtukiza, lakini usiache kabisa, na mahali pazuri pa kunusa endelea kumpa siku zote. Mkihamia mtaa mpya lipa tena kama siku ya kwanza.

Na ukitaka kumpa nafasi ya kukimbia kweli, nenda nae ufukweni alfajiri maji yakiwa yamekupwa na hakuna watu, tumia kamba ndefu ya mita kumi, ifungwe kwenye hanesi upande wa mgongoni na kamwe isifungwe kwenye kola, maana akishika kasi kamba ikaishia shingoni ataumia, na wewe vaa glavu.